Hitimana Anatafuta Dhambi

Katika mafundi cherehani wote waliopanga mashine zao barazani pale Mbugangari, mjini Gisenyi, Hitimana alikuwa wa pekee ambaye ukimpelekea kitambaa, kipande kilichobaki unarudishiwa. Ndiyo, umesikia vizuri: unarudishiwa, kimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Wenzake walimwona mtu wa kuharibu soko. Muhamadi, mwenye duka na mwenye baraza lile, Mwislamu mmoja mcheshi, alikuwa akisema mbele ya wateja, "Huyu Hitimana angekuwa chakula, angekuwa maharage bila chumvi." Hitimana alikubali kwa kichwa na kuendelea kukanyaga mashine, maana maharage bila chumvi yalikuwa kweli yanampendeza tumboni.

Hakunywa. Hakumpiga Béata, mkewe, wala Béata hakukumbuka kama alishawahi kumpandishia sauti. Alikuwa mlokole, mmoja wa wale waliookoka, katika kanisa dogo la Waprotestanti kule karibu na ziwa, na ubaya wote ulianzia hapo.

Maana walokole wa miaka ile ya hamsini walikuwa na desturi yao. Mtu akisimama kutoa ushuhuda, anataja dhambi aliyookolewa nayo, waziwazi, mbele ya watu. Kusema tu "mimi ni mwenye dhambi" hakukutosha. Hilo hata mbuzi anaweza kukuambia. Uliiba? Uliiba nini, wapi, cha nani? Na ukishataja, unafunga safari hadi kwa uliyemkosea, unamwambia usoni, unarudisha ulichochukua. Huko kuliitwa kutembea nuruni. Asiyetaja kitu alikuwa anaficha kitu, na anayeficha kitu alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Basi mwaka mmoja kanisa likaamua kutuma watu ng'ambo, Kongo, kwenye milima ya Masisi, wahubiri kwa majuma machache kisha warudi. Huko Wabelgiji walikuwa wamehamishia Wanyarwanda wengi waliokosa mashamba, na habari zilifika kwamba wana viazi, wana ng'ombe, wana pombe ya kutosha, na mhubiri hawana. Mkuu wa safari alikuwa Mwalimu Nsengiyumva. Mwalimu huyu zamani alikuwa mlevi wa kupindukia, na siku moja katika ulevi wake alimkamata mbuzi wa chifu, akambatiza kwa pombe ya ndizi na kumpa jina la chifu mwenyewe. Huo ndio ulikuwa ushuhuda wake. Watu walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia kweli. Wa pili alikuwa mjane Mukashyaka, aliyekuwa mpiga ramli, akavunja nyumba za watu kwa uongo wake kabla ya kutupa vibuyu vyake vyote ziwani. Ushuhuda wake nao si mchezo.

Wa tatu alikuwa Hitimana. Kwa nini alichaguliwa, hakuna aliyeweza kukumbuka vizuri baadaye. Nadhani koti lake lilikuwa safi.

Alifurahi mno, maskini. Alikuwa akivuka mpaka kwenda Goma mara kwa mara kutafuta vitambaa, lakini kwa mtu wa Gisenyi Goma si safari. Safari inaanza lori likishapita Sake na kuanza kupanda. Béata alimpigia koti pasi, akamfungia viazi vya kuchemsha, akawatangazia majirani mpaka majirani wakaanza kupita njia nyingine.

Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye kijiji cha wahamiaji, uwanjani, watu wamekaa kwenye nyasi. Mwalimu akambatiza mbuzi wake, watu wakavunjika mbavu. Mukashyaka akatupa vibuyu vyake, wanawake wakashika vichwa. Kisha akasimama Hitimana, akakunjua mikono ya koti.

"Ndugu zangu," akasema, "mi siku moja nilimukasirikia mke wangu kwa sababu ya mchuzi. Nikamuomba musamaha siku hiyohiyo."

Watu walisubiri. Mzee mmoja wa mbele akasafisha koo.

"Halafu?"

"Halafu tukakula."

Mtoto akaanza kulia, mama yake akaondoka naye, na wengine wakaona hiyo ni nafasi nzuri ya kuondoka pia. Mkutano wa pili haukuwa na nafuu. Hapo Hitimana alitaja kwamba mara moja alisahau kusali, na mtu mmoja wa nyuma akaomba waletewe tena yule mama wa vibuyu.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, Mwalimu; alimpenda Hitimana kwa dhati, na ndiyo maana alimtesa.

"Ndugu, kila mutu iko na dhambi. Yako iko wapi?"

"Natafuta, Mwalimu."

"Hautafuti. Unaficha. Bon, sikiliza. Lori ya viazi inashuka kesho kutwa. Kama leo mbele ya watu haujavunjika na kuitaja, utapanda hiyo lori urudi nyumbani. Siwezi kutembea na mutu mwenye kufunga moyo."

Hitimana alikaa juu ya jiwe, akapewa kisu na kikapu cha viazi vya mchana, akawa anamenya na kufikiri. Kurudi! Angeshuka kwenye lori pale Gisenyi peke yake, na watu wangeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa: kuna dhambi amekataa kuitaja. Dhambi gani hiyo isiyotajika? Hapo kila mtu angejaza mwenyewe, na watu wa Mbugangari wana kipaji cha kujaza. Béata angepita wapi? Roho ilimuuma. Akapekua maisha yake yote tangu utoto kama mtu anayepekua mifuko ya suruali kuukuu, na kila mfuko ulikuwa mtupu. Akachukia wema wake. Aliwaza kuiba viazi viwili vya pale pale ili apate pa kuanzia, lakini vilikuwa ni vyao wenyewe.

Ndipo akamkumbuka bibi mmoja wa Bugeshi, kule milimani juu ya Gisenyi, jina lake Nyiraneza, aliyewahi kuteremka na gauni la kupunguzwa. Huyo bibi alikaa barazani akisubiri, akasimulia habari zake bila kuulizwa. Zamani alikuwa na blanketi jekundu lenye mistari myeusi, lililoanikwa juu ya ua, likapotea mchana kweupe. Aliyeliiba, alisema, ni mke wa mwanawe, mwanamke asiye na haya, na kwa hiyo akafukuzwa akaenda zake, nani anajua wapi.

Hitimana akaweka kisu chini. Blanketi lilikwisha potea. Mwizi alikwisha ondoka. Bugeshi ni mbali, na hapa ni Kongo. Akilichukua yeye hilo blanketi, ataumia nani?

Kumbe mtu akizoea ukweli maisha yake yote, uongo anauingia bila kupima maji.

Jioni ile jua likiwa bado juu ya migomba, uwanja ulijaa. Hitimana alisimama, na safari hii hakukunjua mikono ya koti.

"Mi ni mwizi," akasema. "Niliiba blanketi. Bugeshi, kwa mama Nyiraneza. Blanketi nyekundu ya mistari nyeusi. Ilikuwa juu ya ua. Nikaikunja, nikaenda nayo. Na mutu mwingine akasingiziwa."

Hilo la mwisho lilimtoka lenyewe. Mwalimu alifumba macho kwa furaha. Kisha kutoka upande wa wanawake ikapanda sauti, si kilio, si kigelegele, ni vyote viwili, na mwanamke mrefu mwembamba akasimama, akaruka watu, akaja mpaka mbele.

"Mumesikia?" akapiga kelele akiwageukia watu. "Masikio yenu yamesikia? Mi niliwaambia! Miaka yote niliwaambia, si mimi! Ye baba we! Si mimi!"

Huyu alikuwa Nyirahabimana, yule mke wa mwana wa Nyiraneza aliyefukuzwa. Kaka yake alihamia Masisi na yeye akamfuata, na bahati mbaya nusu ya majirani wa Bugeshi nao walihamia Masisi, wakaja na habari ya blanketi pamoja na majembe yao. Watoto walimwita Mama Blanketi. Sasa wanawake walewale wakamzunguka, wakamkumbatia, wakalia naye. Mzee wa mbele, yule wa "halafu", safari hii hakuuliza kitu. Watu wengi sana waliokoka siku hiyo.

Hitimana alimtafuta Mwalimu kwa macho; Mwalimu alikuwa akimshukuru Mungu.

Nyirahabimana alipomaliza kulia alimjia Hitimana. Hakumtukana. Alimtazama kama mtu anayeangalia mzigo aliokuwa akiubeba bila kujua ndani kuna nini.

"Blanketi mi siitaki," akasema. "Twende Bugeshi. Ukaseme pale, mbele ya yule mama, mbele ya jirani zake. Mama yangu alikufa akiwa hanisemeshi. Hapa wamesikia, lakini pale ndipo jina langu lilipofia."

"Atakwenda!" akasema Mwalimu kabla Hitimana hajapata pumzi. "Ndiyo desturi yetu. Tutakwenda naye wote."

Basi lori la viazi likapandwa kweli, na Hitimana ndani yake, ila safari hii kwa heshima. Aliwekwa mbele, karibu na dereva. Waliposimama Sake kupumzisha injini alimvuta Mwalimu nyuma ya gurudumu, akamwambia yote kwa haraka: hakuiba, hajawahi kuiba hata sindano, alisema uongo ili asirudishwe.

Mwalimu alimshika bega kwa huruma. "Ndugu yangu, Shetani iko kazini. Umeona watu wangapi wamepona kwa neno lako? Donc, ndiyo maana yeye anataka ulirudishe. Mukatalie."

"Mwalimu, mi nakuapia."

"Umukatalie," akasema Mwalimu, na kumpa ndizi.

Gisenyi walisimama ili Hitimana anunue blanketi la kulipia lile. Muhamadi aliposikia sababu alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Wewe? Wewe Hitimana? Uliiba?" Alipoona hakuna anayecheka naye, akamuuzia blanketi, kisha akayasogeza majora ya kitambaa kutoka barazani kuyaingiza ndani. Fundi wa mashine ya jirani aliokota mkasi wake akautia mfukoni. Hitimana aliona vyote viwili.

Béata alikuja mbio kumpokea, naye akaelezwa na watu wengi kwa pamoja. Akamtazama mumewe.

"Bugeshi? We haujafika Bugeshi hata siku moja. Unaogopa baridi."

"Nyamaza, mama," Hitimana akamwambia polepole. "Nakuomba."

Béata alikuwa bado amesimama barabarani walipokata kona.

Njia ya Bugeshi inapanda. Watu walipita na mizigo ya viazi, ng'ombe walishuka, ukungu ulikaa juu ya volkano kama kawaida yake. Nyirahabimana alikuwa ameazima viatu Masisi na alivivaa kwa uangalifu, akivivua kila penye tope. Alizungumza njia nzima. Sijui kama aliwahi kuongea hivyo kabla. Alimsimulia Hitimana jinsi alivyoolewa akiwa mcheshi, anacheka mpaka majirani wanasikia, na mama mkwe hapendi. Jinsi ambavyo kwenye harusi, akiingia tu, mtu mmoja anaondoka kwenda kutazama vitu chumbani. Jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kumwachia hata mtoto amshike, sembuse mzigo. "Unajua nilikuwa nawaza nini?" akasema. "Nilianza kuwaza labda niliiba kweli nikasahau."

Blanketi lililokuwa mikononi mwake Hitimana akalihamishia begani, kisha bega lingine.

Penye njia panda aliuliza mtu njia ya kwa Nyiraneza. Mukashyaka, ambaye uganga aliacha lakini macho hakuacha, akasimama.

"Uliiba kwenye nyumba ambayo haujui iko wapi?"

"Nilikuja na njia ingine," akasema Hitimana.

Mukashyaka alimnong'oneza Mwalimu. Na Mwalimu, mtu wa Mungu yule, sasa akaingiwa na baridi. Nyirahabimana alikuwa ameteremka kijitoni kunawa miguu avae viatu vyake, ajitokeze vizuri. Mwalimu akamsogelea Hitimana, na hakukuwa tena na mahubiri usoni mwake.

"Ndugu. Kule Sake uliniambia kitu. Mi sikukusikiliza, nimekosa. Niambie tena. Ni kweli haukuiba? Ukisema neno moja, tunarudi, na mimi mwenyewe nitasimama kanisani niseme nilikusukuma."

Hilo ndilo neno Hitimana alilokuwa akilisubiri tangu Masisi. Mlango ulikuwa wazi. Majora yangerudi barazani, mkasi ungetoka mfukoni, Béata angepumua. Akatazama chini kijitoni. Nyirahabimana alikuwa ameketi kwenye jiwe akisugua visigino, na alikuwa anajiimbia.

"Niliiba, Mwalimu," akasema. "Kule Sake nilitaka kukimbia tu. Twende."

Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika uani kwa Nyiraneza, maana watu wanne waliovaa vizuri hawapandi Bugeshi bure. Mwanawe wa kiume alikwisha oa mwingine na kuhamia kwenye mashamba ya pareto; bibi aliishi peke yake, amepungua, amejifunga vitambaa viwili vyembamba vya pamba, midomo imepauka kwa baridi. Alipomwona Nyirahabimana alijaribu kuinuka akashindwa.

Hitimana alipiga magoti kwenye udongo na koti lake safi. Akasema maneno yote, kwa sauti, jirani wa mwisho asikie: blanketi jekundu, mistari myeusi, mimi ndiye, huyu hakuhusika. Akaweka blanketi jipya miguuni pa bibi.

Bibi hakuligusa. Alimtazama usoni.

"Uliitoa wapi?" akauliza.

"Juu ya ua, mama."

"Juu ya ua?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa imeanikwa juu ya ua."

Bibi aligeuka kumtazama Nyirahabimana, aliyesimama wima na viatu vyake, kidevu juu, anasubiri. Jirani mmoja akasema, "Sema basi, mama."

"Ndiyo," akasema bibi. "Ilikuwa juu ya ua. Ni huyu." Kisha akamnyooshea Nyirahabimana mkono. "Nilikusingizia, mwanangu. Nilikusingizia, na nilikuwa najua ninachofanya. Haukuiba kitu hapa. Mumusikie wote."

Wanawake wa Bugeshi wakampigia vigelegele, wakamwita kwa jina lake, Nyirahabimana, Nyirahabimana, kila mmoja anataka alitamke, na wengine wakaenda kuleta viazi. Katika zogo hilo bibi alimwashiria Hitimana akae karibu.

"Ile blanketi haikufika juu ya ua hata siku moja," akasema chinichini, bila kumtazama. "Iko ndani, chini ya maharage. Niliificha mwenyewe ili huyu mutoto aende. Alikuwa anacheka sana. Na akishaenda, ningeitoaje? Watu wangeiona. Nimelala na baridi hii miaka yote, na blanketi iko ndani."

Hitimana akatazama mlango wa nyumba.

"Na wewe haukuiba."

"Hapana, mama."

"Basi ulitafuta nini?"

Akafikiri. Alitaka kumjibu vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza. "Nilitafuta kitu cha kusimulia," akasema. Na alipokwisha kulisema akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, kwa kuwa ilikuwa kweli: pale Masisi, na kisu mkononi, aliokota fedheha ya mwanamke mwingine, akajipamba nayo mbele za watu, na hata hakujiuliza kama mwenyewe yuko hai.

Bibi alichukua blanketi jipya, akamwita Nyirahabimana, akamfunika nalo mabegani. "Chukua," akasema. "Kama watu watasema ulitoka na blanketi kwangu, waseme kweli."

Nyirahabimana alicheka. Alicheka kwa nguvu, na majirani wa mbali wakasikia. Kisha akamgeukia Hitimana, aliyekuwa bado ameketi chini, akamwinamia akamshika mikono yote miwili.

"Ndugu, ulikuja mpaka hapa. Wengine hawangekuja. Mi nimekusamehe."

Hitimana hakuwa amesamehewa na mtu tangu siku ya mchuzi, na mchuzi si kitu. Alifungua mdomo amshukuru, na badala ya shukrani kikatoka kilio, cha mtu mzima, cha kifua, koti linatikisika. Alitaka kumwambia anamsamehe nini hasa, na alijua kwamba hatamwambia kamwe. Watu wakaacha viazi wakamtazama. Nyirahabimana akachuchumaa, akawa anampangusa uso kwa pembe ya blanketi.

"Basi, ndugu, basi," akambembeleza. "Ilikuwa blanketi tu."